Mrejesho: hofu ya mlipuko wa ugonjwa imepungua, ingawa haijaisha

Wapendwa, wiki 3 zilizopita niliwaeleza jinsi hofu ya mlipuko ilivyoninyima usingizi, hadi nikawa najipima joto mara 10 kwa siku. Asanteni sana kwa kunijibu.

Kilichonisaidia zaidi ni kusoma taarifa mara 2 tu kwa siku, za wizara ya afya peke yake, na simu kulala sebuleni. Usiku wa tatu nililala hadi alfajiri! Mikono ikianza kutetemeka, navuta pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa 6. Kipimajoto nimemkabidhi dada.

Kuandika mawazo daftarini kumenishinda, kulinizidishia woga. Kifua bado hunibana nikisikia mtu akikohoa, kwa hiyo nimeanza kuonana na mshauri nasaha, kama mlivyosisitiza.