Tupeane uzoefu: Uliumia vibaya, kundi la mazoezi lilikurudishaje? (Wana Tanga karibuni)

Mleta mada

Wakuu, salaam. Hospitali wanatuunga mifupa, tunashukuru. Ila ukisharudi nyumbani huna wa kumuuliza: nianze lini kutembea haraka, nianze lini kukimbia, na nikimbie na nani? Kwenye jogging za hapa Tanga wamejaa watu waliowahi kulala na vyuma mguuni, na kila mmoja ana njia aliyopitia. Mwageni hapa, kuna ndugu zetu wako ndani sasa hivi wamekata tamaa.

Naanza mimi. Niligongwa na pikipiki barabara ya Pangani, mfupa wa paja ukakatika, nikapasuliwa na kuwekewa chuma ndani ya mfupa. Paja la mtu mzima huchukua miezi 3 hadi 6 kuunga, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo kwa mfupa nilikuwa na subira. Kilichonitisha ni nyama. Mguu uliolala unanywea ndani ya wiki chache tu. Nilipovaa kaptula mara ya kwanza, paja la kulia lilikuwa kama la mtoto wa darasa la nne. Pumzi nayo imekata, kutoka chumbani hadi barazani nahema.

Daktari aliponiruhusu kukanyagia mguu wote, jirani akanipeleka kwenye kundi lao linalokutana Tangamano baada ya swala ya alfajiri. Nilikwenda na gongo, nikitegemea kuwekwa pembeni nitazame. Kiongozi akanivisha filimbi shingoni, akasema, "Wewe ndiye utakayehesabu." Basi wenzangu wanapasha, wanaruka, wanapiga pushapu, na mimi nimesimama katikati yao nahesabu kwa sauti. Kuhesabu vile kunataka pumzi, muulizeni aliyejaribu. Na kesho yake huwezi kubaki kitandani, maana filimbi unayo wewe.

Baadaye nikahamia nyuma, kwa akina mama wenye sukari na presha wanaotembea Barabara ya Hospitali, wanapita Bombo hadi Raskazone. Wale wana mwendo wao, haupandi haushuki. Kila nilipotaka kuchanganya miguu, mama mmoja ananiita, "Mwanangu, rudi hapa, unakimbilia wapi?" Huo ndio msaada ninaouona mkubwa kuliko yote. Ukiwa peke yako leo utalala, kesho utajikomoa. Kundi linakuamsha, na pia linakushika. Sasa hivi nakimbia na wenzangu, mwendo wa kati, mwili unanitii.

Fundi wa Ngamiani

Pole kaka, na hongera. Mimi ni fundi cherehani. Niliteleza ngazini nikavunjika kifundo cha mguu, nikafungwa hogo (plasta ngumu). Lilipotolewa, kifundo kimekakamaa, hakiendi juu wala chini. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akanionyesha cha kufanya: vidole juu, vidole chini, polepole, mara nyingi kwa siku. Nikamwambia hiyo si ndiyo kazi yangu, kwani kukanyaga cherehani ni nini? Akafurahi, akasema kanyaga, ila toa mkanda kwanza gurudumu liwe jepesi. Nikawa nakanyaga cherehani tupu, mguu mbovu juu na mzima ukiusaidia, wateja wananishangaa. Na ile futi ya kupimia nguo nikawa napimia mashavu ya miguu, huu na huu, mpaka nikaona tofauti inapungua.

Kisha nikajiunga na mazoezi ya akina mama ya jioni, yale ya muziki. Nawaambia wanawake wenzangu, wanaoruka wasikutie unyonge. Mwalimu wetu kila zoezi analionyesha kwa namna mbili, la kuruka na la kusimama. Wanaofanya la kusimama ni wengi: kuna aliyejifungua kwa upasuaji, kuna mwenye goti, kuna bibi mwenye miaka yake. Ukikuta mwalimu ana zoezi moja kwa watu wote, hama shoga yangu.

Kipa wa ndondo

Mkuu nitatofautiana nawe kidogo. Kundi laweza kukumaliza vilevile. Mimi nilikatika ile kano ya mbele ya goti, nikafanyiwa upasuaji Dar. Nikaambiwa mechi kusiwe kabla ya miezi 9, hata goti likionekana zima, kwa sababu kano iliyopandikizwa huchukua muda mrefu kupata nguvu, na wanaowahi kurudi ndio wanaokatika tena kwa wingi. Mwezi wa 5 tu wachezaji wenzangu wameshaanza: "Kipa hakimbii, wewe simama golini." Kulikuwa na kombe la mtaa. Jamani, kipa anaruka na kutua kwa mguu mmoja, kwa goti bichi hakuna kazi mbaya kuliko hiyo. Nikakataa. Nikanuniwa.

Nafuu niliipata majini. Kuna wazee na vijana wanaoogelea Raskazone maji yakijaa, wakanipokea. Ukisimama kwenye maji ya kiunoni, miguu inabeba karibu nusu ya uzito wako; yakifika kifuani, karibu theluthi. Tulikuwa tunatembea majini kwa mstari, mbele, kinyumenyume, ubavu, mzee mmoja anaongoza. Goti linafanya kazi bila kuelemewa. Miezi iliposonga nikaanza kukimbia ufukweni maji yakipwa, kwenye mchanga mgumu. Ule mchanga laini wa juu niliuacha hadi mwisho, unasokota goti.

Timu nilirudi muda ulipotimia, na walioninunia ndio waliopiga makofi. Sina kinyongo nao. Ila mgonjwa ajue, wanaokuhitaji kwa ajili ya mechi si wa kukuuguza.

Mkwezi Mstaafu

Mimi kiuno. Makundi makubwa yalinishinda, kelele nyingi. Tunatembea watatu, mimi, mke wangu na shemeji, kila jioni hadi Forodhani na kurudi. Kwangu hilo ni kundi na limenitosha.

Fiziotherapia Tanga

Nimesoma wote, niongeze kidogo kutoka kazini kwangu. Gongo moja hushikwa upande wa mguu MZIMA. Kila siku naona watu wamelishika upande wa mguu mbovu, wanayumba mpaka mgongo unauma. Ngazi: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, mbovu unatangulia.

Kujua kama ulizidisha, usipime jioni ile, pima asubuhi inayofuata. Ukiamka maumivu ni yaleyale ya kawaida, uko sawa. Ukiamka yamezidi au pamevimba, punguza. Shavu la mguu likivimba ghafla na kuuma, au kifua kikabana, hilo halisubiri, nenda hospitali hapohapo, inaweza kuwa damu imeganda.

Na tafadhali sana, kuchuliwa kwa nguvu mahali palipovunjika kabla mfupa haujaunga, hapana. Najua mafundi wa mifupa wanaheshimika kwetu, lakini nimeona mifupa iliyokuwa inaunga ikasogea.

Mama wa Mwambani

Asalaam aleikum wanangu. Yangu si ya kukimbia. Kijana wangu alianguka kutoka kwenye mnazi, uti wa mgongo ukaumia, miguu haina nguvu tena. Alikuwa hatoki ndani. Aliyemtoa ni rafiki yake wa utotoni, alikuja Jumapili na kundi zima la jogging mlangoni, wakamwambia vaa jezi twende. Wanapokezana kumsukuma penye mlima, penye tambarare anaendesha kitimwendo mwenyewe.

Kwenye uwanja, wenzake wanapopiga pushapu yeye anashika pembeni mwa kiti na kujiinua makalio juu, anakaa hivyo, anashuka, kwa hesabu ileile ya filimbi. Tulifundishwa hospitali ajiinue kila dakika 15 hadi 30 asipate vidonda vya kukaa. Nyumbani nilikuwa namkumbusha tunagombana. Tangu aingie kundini anafanya mwenyewe, na mikono imejaa. Juzi kanibebea ndoo ya maji mapajani toka bombani. Mungu awalipe wale vijana.

Mleta mada

Mama, shikamoo. Nimesoma mara mbili. Tukipita Mwambani tutakuja kumsalimia kijana.

Mgeni wa Kange

Wakuu, shemeji yangu ametolewa vyuma vya nje wiki hii, mguu wa chini. Anataka kuja Tangamano kesho. Inafaa?

Mleta mada

Kesho bado. Kwanza amuulize daktari wake anaruhusiwa kukanyagia kiasi gani, maana mfupa uliotolewa antena (hivyo vyuma vya nje) juzi bado mchanga, na pale zilipopita zile nondo panataka muda pajae. Akishapata ruhusa, aje na magongo yake, asiyaache nyumbani kwa kuona haya, na avae raba zenye soli imara, si ndala. Aulizie mwenye filimbi, huyo ndiye mimi. Nitampa aihesabie yeye, mimi nitakimbia.