Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi: nijiandaeje kabla ya mimba ya pili?

Mama Tumaini (Dodoma)

Habari zenu. Mwanangu alizaliwa na mgongo wazi, akafanyiwa upasuaji akiwa na siku nne, na sasa ana miaka mitatu. Anazungumza vizuri ila miguu yake haina nguvu. Mimi na mume wangu tunatamani mtoto wa pili, lakini wakwe wanasema tatizo hili limetoka kwenye ukoo wetu, na maneno hayo yameniumiza, kwa sababu kwetu halijawahi kusikika. Katika mimba ile nilianza kliniki nikiwa na miezi minne, nikapewa vidonge vya kuongeza damu, na nikavimeza bila kukosa hata siku moja. Je, hali hii hurithiwa? Na kama vidonge nilivimeza, kwa nini havikusaidia?

Mkunga Mstaafu

Pole sana, mwanangu. Vidonge vyako havikukosa nguvu; vilichelewa. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kama bamba jembamba linalojikunja hadi kingo zake zikutane na kufanya mrija, na mrija huo hufunga kufikia siku ya 28 hivi tangu mimba itungwe, wakati ambapo wanawake wengi ndio kwanza wanajiuliza mbona hawajaona siku zao. Sehemu ya chini isipofunga, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Ya juu isipofunga, ubongo na fuvu havikamiliki, na mtoto huyo haishi. Ulipofika kliniki, jambo hilo lilikuwa limekwisha kuamuliwa miezi kadhaa nyuma. Linaloniuma baada ya miaka yote ya kazi hii ni kwamba mama tunamweleza habari ya asidi ya foliki, vitamini iliyomo kwenye vidonge hivyo inayosaidia mrija huo kufunga, siku anayofungua kadi ya kliniki, ilhali alistahili kuisikia siku anayoacha uzazi wa mpango.

Mwanamke yeyote anayetarajia kushika mimba anahitaji mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla hadi wiki ya 12. Wewe unahitaji mara kumi ya hapo, yaani miligramu 4, kwa maelekezo ya daktari. Utafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, uliofanyika katika nchi 7 na kutangazwa mwaka 1991, ulionyesha kuwa kipimo hicho kilipunguza kurudi kwa tatizo kwa asilimia 72. Tafadhali usikifikie kwa kumeza vidonge kumi vya kuongeza damu, maana madini ya chuma yaliyomo yatakudhuru. Omba tembe za asidi ya foliki peke yake, ambazo aghalabu ni za miligramu 5.

Mwalimu wa Baiolojia

Dada, kuhusu urithi, wakwe wamekosea. Hakuna jeni (kipande cha urithi tunachopokea kwa wazazi) moja inayobeba hali hii kutoka ukoo mmoja. Ni jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, zikikutana na lishe, maradhi na dawa. Inayofahamika zaidi ni MTHFR, inayosaidia mwili kuitumia foleti, yaani vitamini ya jamii ya asidi ya foliki. Mtu mwenye nakala mbili za aina yake dhaifu huitumia kwa shida zaidi, na nakala hizo mtoto hupokea moja kwa baba na nyingine kwa mama. Kwa aliyepata mtoto mmoja mwenye tatizo hili, uwezekano wa kurudi ni takriban 2 hadi 5 katika mimba 100, hata kabla ya kinga.

Bibi Shamba

Mchicha, matembele, maharage na kunde vina foleti, lakini mboga ikichemshwa sana na maji yake yakamwagwa, sehemu kubwa hupotea. Kwa hiyo chakula pekee hakitoshi kwa mama Tumaini. Kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga zilitungwa Tanzania mwaka 2011, ila sisi tunaopeleka mahindi yetu mashineni hatupati chochote cha kuongezwa. Tena tuyachambue mahindi yenye ukungu: sumu iitwayo fumonisini huzuia foleti kuingia kwenye chembe za mwili, na watafiti waliihusisha na watoto wengi waliozaliwa na kasoro hii kusini mwa Texas mwaka 1990 na 1991.

Mama Wawili

Naongeza jambo moja kwa kuwa lilinihusu. Nilikuwa natumia valproeti kwa ajili ya kifafa, dawa ambayo huongeza hatari ya mgongo wazi. Daktari alinibadilishia mapema, kabla ya mimba. Mwenye kifafa asiiache mwenyewe, kwani degedege nazo ni hatari kwake na kwa mtoto. Wenye kisukari nao wadhibiti sukari kwanza.

Mama Tumaini (Dodoma)

Nawashukuru nyote, mama mkunga, shikamoo. Sindano yangu ya uzazi wa mpango inaisha baada ya miezi miwili. Nitaonana na daktari kabla ya hapo, pamoja na mume wangu, na nimemwomba yeye mwenyewe awasomee wazazi wake maelezo ya mwalimu.