Pointi za GPS zinaangukia mita 300 nje ya mpaka wa msitu wa kijiji. Nianzie wapi kujifunza kwa kina?

Mlinzi_wa_Miombo:

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa anayezijua vizuri ramani za kompyuta na GPS kwa kazi za misitu.

Tunapima upya mpaka wa msitu wa hifadhi wa ardhi ya kijiji, wilaya ya Kilwa. Sehemu kubwa ni miombo, ila kuna mabonde mawili yenye miti minene ya kando ya mto. Kifaa ni GPS ya kawaida ya mkononi, programu ya ramani ni QGIS. Ninayo pia karatasi ya zamani ya ramani ya 1:50,000 iliyoskaniwa, ambayo ndiyo iliyotumika kuchora mpaka wa kwanza. Nikiweka pointi zangu juu ya karatasi hiyo, zote zinaangukia kusini kama mita 300, na mashariki kidogo. Bikoni iliyopo njia panda inaonekana imekaa katikati ya mashamba. Nikiziweka pointi hizohizo juu ya picha ya satelaiti, zinakaa mahali pake.

Mengine mawili. Kule bondeni mstari tuliotembea unajikunja hovyo ingawa mkuza wenyewe umenyooka. Na nikiuliza QGIS eneo la poligoni inanipa 0.0021, wakati kijiji kina kumbukumbu ya hekta zaidi ya 2,500.

Kushusha pointi, kuchora poligoni na kuchapa ramani naweza. Nataka kuvuka hapo: nipime kwa usahihi ninaoweza kuutetea, halafu nifuatilie ukataji wa miti kwa picha za satelaiti. Nianze na lipi?

---

Bikoni_ya_Zege:

Mkuu, anza na hizo mita 300, maana ukizielewa hizo umeelewa nusu ya somo. GPS yako haijakosea, na karatasi nayo haijakosea. Kila moja inahesabu kutoka datamu yake, yaani umbo la dunia na kitovu chake vinavyochukuliwa kuwa msingi wa kupima.

Karatasi za 1:50,000 za Tanzania zimechorwa kwa datamu ya Arc 1960, inayotumia umbo la dunia la Clarke 1880. GPS inatumia WGS 84. Vitovu vya maumbo hayo mawili havikai mahali pamoja: kutoka Arc 1960 kwenda WGS 84, vigezo vya Tanzania ni mita −175, −23 na −303 kwa mihimili ya X, Y na Z. Huku kwetu karibu na ikweta mhimili wa Z unalala karibu sambamba na kaskazini-kusini, ndiyo maana ile 303 inajitokeza ardhini karibu yote kama msogeo wa kusini. Chukua mfano wa njia panda moja huko Kilwa: GPS inasoma E 488 612, N 8 948 305. Kwenye gridi ya karatasi njia panda hiyohiyo inasomeka kama E 488 520, N 8 948 605. Tofauti ni mita 92 mashariki na 300 kusini, ndicho hasa unachokiona.

Dalili ya kuishika: pointi zote zikihama kwa kiasi kilekile na upande uleule, shuku datamu. Zikitawanyika, kila moja na upande wake, shuku upokeaji wa mawimbi.

Kuitengeneza, iingize karatasi upya kwa gridi yake yenyewe. Mfumo wake ni EPSG:21037 (EPSG ni orodha ya namba za mifumo ya ramani), yaani Arc 1960, kanda ya 37 Kusini ya UTM, gridi ya mita inayoigawa dunia kwa kanda. Chagua makutano ya mistari ya kilomita, 9 au zaidi, yaliyoenea karatasi nzima na siyo pembeni tu, kisha tumia mbinu ya polinomia ya daraja la kwanza, inayoisogeza na kuizungusha karatasi bila kuikunja. Angalia mabaki, yaani kosa linalobaki kwenye kila pointi. Nusu milimita kwenye karatasi hiyo ni mita 25 ardhini, kwa hiyo mabaki ya mita 10 hadi 25 ni ya kawaida. Pointi moja ikikupa kama mita 1,000 umesoma vibaya namba ya gridi, irudie. Usiongeze daraja la polinomia ili kuficha kosa hilo, utaikunja karatasi nzima kwa ajili ya pointi moja.

Mradi wenyewe uweke EPSG:32737, ambayo ni WGS 84 kwa kanda hiyohiyo. QGIS itaisogeza karatasi yenyewe. Ikikuuliza utumie mageuzi yapi, chukua ya Tanzania yenye zile namba tatu nilizotaja, siyo ya wastani wa Kenya na Tanzania. Hata hapo itabaki hitilafu ya mita kadhaa, pengine zaidi ya 10, kwa hiyo mpaka uliotoka kwenye karatasi usiuchukulie kuwa sahihi kuliko ule uliopimwa kwenye bikoni.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi: kuna amri ya kuliambia tabaka la data "mfumo wako ni huu", na kuna amri ya kulihifadhi upya katika mfumo mwingine. Ya kwanza inabadilisha jina tu, namba zinabaki zilezile. Ukiitumia kwa nia ya kubadilisha datamu, umeihamisha data yako mita 300 na faili halitakuonyesha alama yoyote ya kosa. Data ya GPX, faili linaloshushwa kutoka GPS, ni digrii za WGS 84, EPSG:4326. Iache hivyo, kisha ihifadhi upya kama 32737.

Kuhusu 0.0021: hizo ni digrii za mraba. Huko Kilwa digrii moja ya mraba ni takriban hekta 1,216,000, ukizidisha unapata kama hekta 2,550, kwa hiyo poligoni yako ni nzima. Kwenye kikokotoo cha sehemu za jedwali andika `$area / 10000`, ambayo inahesabu juu ya umbo la dunia lililowekwa kwenye mradi (hakikisha vipimo vya mradi viko kwenye mita za mraba). `area($geometry)` inahesabu kwa namba za tabaka kama zilivyo, kwa hiyo kwenye tabaka la digrii inakupa digrii. Kwenye tabaka la UTM zote mbili zinakaribiana: karibu na mstari wa kati wa kanda, hapo nyuzi 39, UTM inapunguza eneo kwa karibu 0.08 kwa mia, kama hekta 2 kwa msitu wako.

---

Mkuza_Wazi:

Naongezea upande wa porini, maana bondeni datamu haihusiki.

Chini ya miti minene mawimbi ya satelaiti yanapungua nguvu, na mengine yanafika baada ya kudunda kwenye vigogo na kuta za bonde. Wimbi lililodunda limesafiri njia ndefu zaidi, kifaa kinadhani satelaiti iko mbali kuliko ilivyo, na nafasi inasogea. Mahali pa wazi GPS ya mkononi inakupa mita 3 hadi 5. Chini ya miti ya mto tegemea 10 au zaidi. Ile ±4 m ya kwenye skrini ni makisio ya kifaa chenyewe, wimbi lililodunda kinaweza kulihesabu kama zuri.

Kabla ya kutoka, washa kifaa mahali pa wazi na ukiache dakika 15. Taarifa kamili ya ratiba ya satelaiti zote za GPS inachukua dakika 12.5 kupokelewa, na kifaa kilichokaa kabatini miezi kadhaa hakina taarifa mpya. Washa na satelaiti za mifumo mingine, GLONASS, Galileo na BeiDou, kama kifaa kinazipokea, kwa sababu bondeni anga unaloliona ni dogo na kila satelaiti ya ziada inasaidia. Kishike juu ya bega au kichwa. Mwili wa mtu una maji mengi na unameza mawimbi, ukikifunga kiunoni umeziba nusu ya anga.

Mpaka wenye bikoni usiupime kwa kutembea na kurekodi njia. Simama kwenye kila bikoni na kila kona, chukua pointi kwa wastani, kisha unganisha kwa mistari iliyonyooka. Njia iliyorekodiwa itumie pale tu mpaka unapofuata kitu kilichojipinda kama mto au barabara, na hapo rekodi kwa umbali, kila mita 10, siyo kwa muda. Ukirekodi kila sekunde halafu msimame kufyeka, unapata lundo la pointi linalozunguka mahali pamoja, na hiyo ni sehemu kubwa ya mikunjo yako.

Wastani nao una masharti yake. Dakika mbili mfululizo zinasaidia kidogo tu, kwa sababu satelaiti bado ziko palepale na kosa ni lilelile. Pima, endelea na bikoni nyingine, urudi baada ya dakika 90 au zaidi upime tena. Kona za bondeni zipime mara nne.

Kona ikiwa chini ya mti mkubwa kabisa, tafuta uwazi ulio ndani ya mita 50, pima hapo kwa wastani, halafu chukua umbali kwa futi kamba na mwelekeo kwa dira hadi kwenye bikoni. Kosa la digrii moja la dira kwa mita 50 ni sentimita 87 tu, dogo kuliko kosa la GPS chini ya mti. Andika daftarini namba ya bikoni, umbali, mwelekeo na jina la aliyesoma.

Kosa la kila kona likiwa la kubahatisha, kwenye eneo yanafutana kwa kiasi kikubwa. Linaloumiza ni la upande mmoja. Mzunguko wa kilomita 20 uliopimwa wote mita 5 nje ya mstari unaongeza hekta 10, na hizo huwa ni mashamba ya mtu.

---

Mlinzi_wa_Miombo:

Nawashukuru sana. Karatasi nimeiingiza upya kwa 21037, bikoni ya njia panda imerudi mahali pake, imebaki tofauti ya kama mita 12. Maswali mawili: kuna haja ya kununua kipokezi cha usahihi wa sentimita? Na kwa ukataji, NDVI (kipimo cha ukijani) ya picha za satelaiti za Sentinel-2 inanionyesha msitu "umepotea" karibu wote mwezi wa Septemba, kitu ambacho siyo kweli.

---

Pikseli_Kumi:

La Septemba ni rahisi. Miombo inapukutisha majani kiangazi na moto unapita chini yake. NDVI inapima ukijani, haipimi vigogo. Linganisha mwezi uleule wa mwaka na mwaka. Chukua picha za Mei au Juni, mvua zimeisha, mawingu yamepungua na majani bado yapo. Mti ukikatwa Agosti utauona pengo lake Mei inayofuata.

Kuna mtego wa pili usioonekana kwa macho. Tangu Januari 25, 2022 picha za Sentinel-2 zinatoka na nyongeza ya 1,000 kwenye thamani za pikseli. Lazima uitoe kabla ya kugawanya kwa 10,000. Chukua pikseli ya 2021 yenye B4 (mkanda wa mwanga mwekundu) = 400 na B8 (wa infraredi) = 2,400: NDVI ni tofauti yake kugawanya kwa jumla yake, 2,000 ÷ 2,800, yaani 0.71. Pikseli hiyohiyo mwaka 2023, bila badiliko lolote msituni, inasomeka 1,400 na 3,400, na usipotoa 1,000 unapata 0.42. Hapo utaandika ripoti ya uharibifu ambao haupo, na kijiji kitahojiwa bure. Picha za miaka ya nyuma zilizochakatwa upya nazo zina nyongeza hiyo, kwa hiyo soma faili la maelezo la kila picha usiangalie tarehe peke yake.

Tumia B4 na B8, zote za mita 10. Ploti ya kupimia miti ya duara yenye nusu kipenyo cha mita 15 usiilinganishe na pikseli moja, kwa sababu GPS yako ina kosa linalolingana na pikseli nzima. Chukua wastani wa pikseli 3 kwa 3. Mti mmoja wa mninga uliokatwa hutauona kwa mita 10, usimwahidi mtu hivyo. Shamba jipya la robo hekta ni pikseli 25, hilo utaliona.

Kila pengo lichukuliwe kama swali tu hadi mtu afike na GPS na kuandika alichokuta: kisiki, moto, au mti uliokufa wenyewe.

---

Bikoni_ya_Zege:

Kipokezi cha sentimita kwa mpaka wa msitu hakihitajiki bado. Kikiwepo, jifunze kwanza kukaa tuli: kipokezi cha masafa mawili juu ya bikoni moja iliyo wazi, saa 2 bila kuguswa, faili la RINEX (muundo wa data ghafi za kipokezi), kisha litume kwenye huduma za bure za mtandaoni zinazokokotoa nafasi, kama AUSPOS au CSRS-PPP. Pima kimo cha antena mara mbili, mwanzo na mwisho, na uandike kama ni wima au mshazari. Bikoni hiyo moja itakuwa kipimo cha GPS zako zote za mkononi: kila asubuhi zisimamishe juu yake dakika 5, tofauti ikizidi mita 8 kifaa kisitoke.

Kwa mpangilio wa kujifunza, datamu na kanda kwanza. Mstari wa nyuzi 36 unapita kati ya Dodoma mjini na Kongwa: magharibi yake ni 32736, na ukikosea kanda pointi zinaruka kama kilomita 660. Kisha upimaji wa porini, kisha picha. Kwa darasani kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro, Chuo Kikuu Ardhi, na kituo cha kikanda cha ramani, RCMRD, Nairobi kwa kozi fupi. Nenda na data yako ya Kilwa, usisubiri upewe ya mazoezi.

Hizo mita 12 zilizobaki ziache. Usiisukume karatasi kwa mkono ili ikae sawa na bikoni moja, kwani nyingine zote zitahama nayo.