Vifungashio vya nailoni vimerudisha rambo (ile mifuko ya plastiki ya kubebea) mlango wa nyuma, mitaro imeziba, na hela ya taka tunalipa. Nani anavilinda?

Wakuu, salamu baadaye. Leo nina hasira na naomba wasimamizi msiuunganishe uzi huu na ule wa mafuriko.

Mnakumbuka Juni mosi 2019? Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, alishatangaza bungeni tangu Aprili kwamba mifuko ya plastiki ni marufuku, na siku ilipofika rambo zikapotea mjini ndani ya wiki moja. Mangi wa dukani akawa anakufungia sukari kwenye karatasi ya kaki. Vikapu vya ukindu vilivyokuwa vinalala juu ya kabati vikashuka. Faini zilitisha kweli: ukikutwa na mfuko mkononi ni elfu 30 hadi laki 2, au hadi siku saba ndani, au vyote viwili. Mwenye kiwanda ni milioni 20 hadi bilioni 1. Watu waliogopa, na huku kwetu bondeni maji ya mtaro yalianza kutembea.

Sasa nenda genge lolote jioni ya leo ujionee. Juzi nimenunua nyanya za jero, vitunguu, hoho mbili, bamia na fungu la mchicha. Nyanya zikapewa nailoni yake. Vitunguu ya kwao. Hoho mbili, mbili tu jamani, nazo ya kwao. Bamia zilikuwa zimeshakatwakatwa, hizo nikanyamaza. Mchicha ukaviringishiwa nyingine, halafu mzigo wote ukatumbukizwa kwenye nailoni kubwa. Nikamuuliza dada, kikapu hiki nilichoshika hukioni? Akacheka: "Beba tu kaka, hiyo ni bure."

Bure ya nani? Yeye kanunua pakiti nzima kwa hela yake, na hela hiyo imo ndani ya nyanya zangu. Na nikishamenya vitunguu, nailoni sita zinanisubiri jikoni zikiwa zimetumika kwa mwendo wa dakika kumi tangu gengeni.

Hapo sijagusa chakula cha kupima. Maharage ya moto yanatiwa humo, uji wa moto humo, supu inachemka inatiwa humohumo na kufungwa fundo. Chipsi mayai zinatoka kwenye kikaango, moja kwa moja kwenye nailoni, tomato inamiminiwa juu. Mwenye afya yake ajijue.

Watakuja wajuaji waseme vifungashio vinaruhusiwa kisheria. Ndiyo, tuelewane hapo. Kanuni za 2019 zilipiga marufuku mifuko ya kubebea, zikaacha vifungashio vya dawa, vya chakula kinachosindikwa, vya kilimo, vya ujenzi, vya usafi na taka. Sina ugomvi na hilo, mkate wa kiwandani lazima ufungwe. Lakini kifungashio cha namna hiyo kinatoka kiwandani kikiwa na bidhaa ndani. Hiki cha gengeni kinauzwa kitupu, pakiti kwa pakiti, Kariakoo, mchana kweupe, pembeni ya mgambo anayekimbizana na machinga wa soksi. Ni rambo ileile iliyokatwa mikono. NEMC, baraza la mazingira la taifa, wenyewe walishasema hadharani kwamba kubebea bidhaa kwenye vifungashio ni kosa. Basi kosa hilo anashikwa nani, lini, wapi? Maana nikiangalia barabarani naona linauzwa jumla na rejareja.

(Na ile mifuko mbadala laini kama kitambaa, mnayoisifia ni ya kisasa, nayo ni plastiki vilevile. Kiwango cha TBS, shirika la viwango, kinataka gramu 70 kwa mita ya mraba ili mtu aitumie tena na tena. Ile ya bei chee unayopewa dukani inakatika mpini kabla hujashuka kwenye daladala.)

Jumamosi tulizibua mtaro wa nyuma ya nyumba zetu. Wenyewe, kwa machepe na reki ya kuazima, kwa sababu maji yalianza kuingia korido. Nataka mjue kilichotoka mle. Chini kabisa mchanga mweusi, juu yake nailoni, juu yake mchanga tena, juu yake nailoni, imeshikana matabaka kama chapati ya kukunja, chepe linagonga halipenyi. Tukaacha machepe tukawa tunavuta kwa mikono. Ukivuta moja zinakuja ishirini, na harufu yake msiniulize. Nepi za watoto zilikuwemo. Kandambili zilikuwemo. Lakini chupa za maji, ambazo watu wa Dar tunakunywa na kutupa kuliko kitu chochote, mle mtaroni zilikuwa za kuhesabu.

Nilishangaa kidogo, halafu jibu likajileta lenyewe. Chupa ina bei. Ukiidondosha barabarani asubuhi, mchana mwokota makopo ameshapita na kiroba chake, jioni iko kwenye mizani. Vijana wale, tunaowaita machizi na kuwafungia geti, ndio wanaoufanya mji huu upitike. Sasa muulize kwa nini haokoti vifungashio. Atakuambia nailoni haina uzito, utajaza kiroba kizima upate kilo yenye matope na mabaki ya maharage, na kuiosha ni gharama kuliko kuiuza. Hakuna wa kununua. Kwa hiyo haina mwenyewe, na mvua ikija inaiokota yenyewe, inaipeleka kwenye kalavati, kutoka hapo mto Msimbazi, kutoka hapo baharini pale daraja la Selander.

Ndiyo maana nakasirika nikisikia kiongozi anasimama kwenye kipaza sauti siku ya usafi anasema "wananchi wa Dar ni wachafu, tubadilike". Mwananchi yuleyule anayetupa nailoni anatupa na chupa. Tabia ni ileile, mkono ni uleule. Chupa inaondoka kwa sababu kuna mtu anailipia, nailoni inabaki kwa sababu aliyeitengeneza alishavuta chake na kuondoka. Mlipisheni yeye! Kila kilo inayotoka kiwandani au inayoshuka bandarini iwe na hela ya kuikusanya, mwokota makopo alipwe kwa kilo hiyo chafu, mtaona kama itabaki hata moja mtaani. La sivyo ifungiwe uzalishaji kama rambo ilivyofungiwa. Kukimbizana na mama wa genge ni kupoteza muda.

Hela ya taka nayo. Huku tunalipa kila mwezi, mkusanyaji anakuja na mashine ya risiti bila kukosa hata siku ya sikukuu. Gari la taka ndilo linalokosa. Kontrakta ukimpigia anasema foleni, mafuta, dampo mbali. Umbali kweli upo, Pugu Kinyamwezi si hapa, kutoka katikati ya jiji ni kilomita zipatazo 30, na lori bovu likienda mara moja siku imeisha. Ila umbali huo aliujua wakati anaomba tenda. Wiki mbili gari halijapita, viroba vinatoa funza, na siku mbingu zikiwa nyeusi kila mmoja anajua kinachofanyika: kiroba kinabebwa usiku hadi mtaroni, mvua imalizie kazi.

Na mvua zenyewe si za zamani. Desemba 2011 watu zaidi ya 40 walikufa kwa mafuriko hapa Dar, wengine wakahamishiwa Mabwepande. Masika ya 2018 na El Nino ya 2023 Jangwani tuliiona. Mabonde yanapokea maji mengi kwa saa chache, halafu sisi tumeziba njia ya kutokea.

Asiyetupa anachoma. Uani kwetu jioni moshi mweusi. Mbaya zaidi kuna hili la kuwashia mkaa kwa nailoni, kwa kuwa mafuta ya taa yamepanda bei. Unaikunja, unaichomeka kati ya mkaa, njiti moja, jiko limekolea, mtoto amekaa pembeni anakohoa. Mkakati wa Taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Sawa, naunga mkono, na mtungi wangu wa gesi ninao. Ila mtungi ukiisha katikati ya mwezi unarudi kwenye jiko la mkaa, na cha kuwashia kimejaa jikoni, bure.

Nimeenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Kaniambia ni la bwana afya. Bwana afya kaniambia yeye anakagua vyoo na migahawa, vifungashio ni vya ngazi za juu. Huko juu nimeandikisha jina kwenye daftari la wageni, nikaambiwa nitapigiwa. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliipeleka Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu kwa ajili ya dampo la taka lililokuwa mtaani kwao na wakashinda, kwa hiyo njia ipo.

Mwenye uzoefu aweke utaratibu hapa: barua anaandikiwa nani, nakala kwa nani, picha zinatosha au wanataka mashahidi. Picha za mtaro ninazo na majirani wako tayari kusaini. Na nyie wauza pakiti mliomo humu, najua mpo, njooni mtetee biashara yenu.