Nilimjeruhi kulungu mwaka jana na sikumpata. Sasa nataka bunduki yangu mwenyewe, ninunue ipi?

Mluguru_wa_Jibini

Habarini wakuu.

Niko Wisconsin, Marekani, mwaka wa sita, nafanya kazi kiwanda cha jibini. Huku Novemba ikikaribia, kantini hakuna stori nyingine zaidi ya kulungu. (Najua kulungu wa kwetu ni mnyama mwingine. Huyu wa huku mkia wake ni mweupe kwa chini, na dume huota pembe zenye matawi na kuziangusha kila mwaka. Ila Waswahili wa hapa tunamwita kulungu, tusigombane.)

Msimu wa bunduki ni siku 9 tu, unaanza Jumamosi ya kabla ya Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani. Mwaka jana mzee mmoja wa kazini alinichukua, tukakaa kwenye dungu pembeni ya shamba la mahindi lililovunwa, akaniazima bunduki yake. Jua linakaribia kuzama, akatoka jike. Alikuwa yadi kama 180, anatembea. Mzee akaninong'oneza, "Ngoja asimame." Kidole changu hakikungoja. Nikamwona amekunja mgongo kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo, akaingia msituni.

Tulipofika pale tukakuta manyoya na matone mawili ya damu yenye majimaji ya kijani. Tukamfuata palepale, tochi mkononi, mpaka saa tano usiku. Asubuhi theluji ilikuwa imefunika kila kitu. Mzee hakunigombeza. Alizima tochi yake, akasema twende nyumbani. Afadhali angenitukana.

Babu yangu kule Matombo aliwinda nguruwe pori kwa nyavu na mbwa, na mnyama aliyejeruhiwa alikuwa hamwachi mpaka ampate. Mimi nimemwacha.

Mwaka huu nimemaliza kozi ya usalama wa uwindaji. Bajeti ni dola 900, darubini ikiwemo. Muuzaji dukani ananisukumia bunduki ya risasi kubwa, .300 Win Mag, anasema hiyo hata ukikosea kidogo mnyama analala. Nachanganyikiwa kati ya hiyo na zenye nguvu ndogo kidogo, .308 na 6.5 Creedmoor. Shemeji yenu anasema niache kabisa.

Naomba kuwasilisha.

Kipanga

Nyama ikipatikana usisahau sisi wa Milwaukee mkuu 😂

Mzee_wa_Dungu

Mleta uzi, huyo muuzaji anakuuzia teke, yaani bunduki inavyokurudi begani ukifyatua. Mtu asiyezoea, akipiga .300 mara tatu, ya nne anafumba macho kabla hajavuta kifyatulio. Na risasi kubwa ikipita kwenye utumbo bado imepita kwenye utumbo. .308 au 6.5 yoyote inatosha kwa kulungu wa huku, kuna watu wanawaangusha na .243, ndogo kuliko hizo, kila mwaka. Ukiweza chukua 6.5, teke lake ni dogo zaidi. Bunduki ya dola 500, darubini ya 200, zinazobaki zote nunua risasi za mazoezi. Wengi wanafanya kinyume, bunduki ya elfu moja na boksi moja la risasi.

Sasa lile lililotokea. Majimaji ya kijani maana yake utumbo. Mnyama wa namna hiyo asipofukuzwa huenda akalala karibu. Mlipoingia na tochi mlimwamsha akaenda mbali. Hapo mnarudi kwa miguu ileile, mnasubiri kwa muda wa saa 8 mpaka 12, hata kama moyo unauma. Damu nyekundu ya kung'aa yenye povu ni mapafu, subiri nusu saa umfuate, hatakuwa mbali. Nyeusi nzito ni ini, mpe saa nne au zaidi. Kabla hujashuka kwenye dungu, weka alama kwa macho pale aliposimama na pale alipopotelea. Ukiwa chini kila kichaka kinafanana.

Kuhusu umbali: chukua sahani za karatasi za pikiniki, nenda uwanja wa shabaha umevaa jaketi lako la baridi na glavu, usiegemee meza, kaa kama utakavyokaa kwenye dungu. Piga tano. Umbali ambao zote tano zinaingia kwenye sahani ndio mwisho wako. Kama ni yadi 80, basi wa yadi 90 mwangalie tu apite. Anayetembea mwache. Anayekutazama uso kwa uso mwache. Mpige aliyekupa ubavu, nyuma kidogo ya bega, hapo ndipo moyo na mapafu.

Binti_Nyali

Samahani jamani, mie ni Mkenya. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977 na kitoweo hatujakosa. Nyama imejaa dukani, ya nini kwenda kutoboa utumbo wa mnyama wa watu halafu uje kulia mtandaoni?

Mzee_wa_Dungu

Dada, hasira yako naielewa, na hilo la utumbo huna kosa. Ila huku mbwamwitu waliokuwa wakiwapunguza wamemalizwa sehemu nyingi, mahindi na soya vimejaa, kulungu wanazaliana mpaka wanakula miche yote ya msituni na kugongwa na magari. Tangu sheria ya 1937, bunduki ndefu na risasi zina ushuru wa 11% unaorudi kwenye uhifadhi wa wanyama. Hesabu ya Kenya ni nyingine, hata mimi nisingetaka bunduki Tsavo.

Abu_Salmaa

Kwa Waislamu mnaosoma: ni Bismillahi wakati wa kufyatua, si baada ya kumwona ameanguka. Ukimkuta hai, mchinje. Ukimkuta amekufa kwa risasi yako, wanazuoni wengi wa leo wanaruhusu maana risasi inatoboa. Katika hadithi ya sahaba Adiy bin Hatim, mnyama aliyekupotea ukampata baada ya siku moja au mbili, hana alama nyingine ila ya mshale wako, unakula. Ukimkuta amezama majini, usile, hujui kilichomuua.

Mama_Friji

Mmesahau nyama! Wisconsin kuna ugonjwa wa kukondesha kulungu, uligunduliwa huko 2002. Mnyama anaweza kuwa nao na anaonekana mzima kabisa, na kupika hakuuondoi. Peleka kichwa kipimwe, na usile mpaka majibu yatoke. Usipasue uti wa mgongo wala ubongo.

Pia nunua risasi za shaba. Kiswahili chetu kinatuchezea hapa, "risasi" ni ile inayotoka mtutuni na ni hayo madini yenyewe. Risasi ya risasi inapasuka vipande vidogo ambavyo jicho halivioni, vinasambaa mbali na tundu, na mwenye watoto wadogo hapaswi kucheza nayo. Ila mazoezi ya sahani yafanye kwa risasi hizohizo za shaba, kila aina inaangukia mahali pake.

Na Kipanga, nyama ya kuwinda huku haiuzwi. Unagawa au unakula.

Kipanga

Nani kasema nanunua mama, nimeomba 😂

Mwanafunzi_Madison

Tahadhari kwa walio na viza za muda kama mimi: sheria ya Marekani inatukataza kushika bunduki, isipokuwa kwa masharti machache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Muulizeni mwanasheria kabla ya kugusa hata ya kuazima.

Mluguru_wa_Jibini

Asanteni sana wakuu. Mimi nina green card, kibali cha kuishi huku moja kwa moja, hapo niko salama.

Mrejesho: jana nilienda uwanjani na 6.5 ya rafiki. Yadi 100, sahani imepata tatu kati ya tano. Nimejikuta nabishana na karatasi, eti upepo. Yadi 70, zote tano, mara mbili mfululizo. Nimempigia mzee nikamwambia mwisho wangu ni 70. Akacheka, akasema ana dungu lingine kwenye mtaro, njia yao inapita yadi 40 kutoka kwenye ngazi, nikakae hapo. Shemeji yenu amekubali kwa sharti moja, nyama isiingie friji yetu kabla ya majibu.

Swali la mwisho, mkanda wa usalama wa kwenye dungu naufunga nikishakaa, au?

Mzee_wa_Dungu

Hapana. Unafungwa kwenye kamba ya mti ukiwa bado chini, kabla mguu haujaacha ardhi. Wengi huanguka wakipanda au wakishuka. Bunduki usipande nayo, ivute baadaye kwa kamba, haina risasi ndani na mtutu unatazama chini.