Wakuu, acheni kufundisha watu kuficha vitu kwa alama ya jicho!

Hivi hizi video za kufundisha Blender, programu ya 3D, nani anazikagua? "Bonyeza H, kitu kimepotea." Kimepotea wapi? Jicho la kwenye Outliner (orodha ya vitu vyote vya mradi), ambalo H hulizima, linakusafishia uwanja wa kazi tu. Halipokei kiifremu (rekodi ya thamani kwenye fremu fulani), na ukirenda, yaani ukitoa picha za mwisho, kitu kinatokea kama kawaida.

Zinazopokea ni alama ya skrini na alama ya kamera. Ile ya skrini lazima kwanza uiwashe kwenye kichujio, juu kulia mwa Outliner. Weka kishale juu ya alama, bonyeza I. ZOTE MBILI. Ukiishia ya skrini, unaona kitu kinatoweka vizuri, unairusha renda usiku kucha, asubuhi fremu 250 zote kimo, kimesimama palepale. Na kumficha mzazi hakufichi watoto wake, kila mmoja anataka kiifremu chake.

Anayetaka kitu kififie taratibu ndiye anayedanganywa zaidi. Alama hizo ni ipo au haipo, katikati hakuna. Kufifia ni kazi ya Alpha (1 kitu kinaonekana kamili, 0 hakionekani) kwenye Principled BSDF, nodi (kisanduku cha mipangilio) kuu ya materiali, yaani mwonekano wa uso wa kitu: 1 fremu ya 40, 0 fremu ya 60, kisha fremu ya 61 zima ile alama ya kamera, maana kitu chenye alfa 0 bado kinakokotolewa na kula muda. Kwenye EEVEE (injini ya haraka ya kurenda) ya kabla ya Blender 4.2 materiali huanza ikiwa Opaque, kwa hiyo alfa unaishusha hadi sifuri na kitu kimekukodolea macho. Badili Blend Mode iwe Alpha Hashed, na Shadow Mode vilevile, la sivyo kivuli kinabaki bila mwenyewe.

Viti kumi vikitumia materiali moja, vyote kumi vinafifia. Dawa wanayotoa ni kukopi materiali mara kumi! Chomeka Alpha ya nodi ya Object Info kwenye Principled, halafu weka kiifremu kwenye alfa ya Color ya kiti husika, chini ya Viewport Display. Imeisha hiyo.

JIBU: Mkuu, mhusika je? Ukimfifisha kwa alfa, meno na mboni za macho zinaonekana kupitia ngozi, anageuka zimwi. Mtenge kwenye View Layer yake (tabaka lake la kurenda), tia tiki Transparent kwenye Film ili mandharinyuma yaondoke, umfifishe kwa nodi ya Alpha Over, inayopandisha picha moja juu ya nyingine. Na wanaolia majani yao yanatoka na madoa meusi kwenye Cycles, injini nyingine ya kurenda: kwenye mipangilio ya Light Paths, Transparent (kikomo cha tabaka angavu ambazo mwale wa mwanga unapenya) huanza ikiwa 8. Majani yakipandana zaidi ya hapo, mwale unakatwa. Pandisha hadi 32.