Uanachama wa launji wa maisha kwa dola 5,000: ninunue au niache?

Wakuu, habari za majukumu. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Naishi Houston. Kazi inanirusha kama mara nane kwa mwaka humu humu Marekani, na kila Desemba naenda Dar kupitia Doha kwa Qatar Airways. Shirika ninalopanda sana kikazi linaniuzia uanachama wa maisha wa launji, yaani ukumbi wa kupumzikia abiria uwanjani, kwa dola 5,000. Wa mwaka ni 600. Mwaka jana mama alinitembelea, tukakwama uwanjani kwa muda wa saa sita. Akalala amejikunja kwenye viti vya chuma, kanga kajifunika usoni. Roho iliniuma sana. Hela ninayo, ila ndiyo ya mabati ya nyumba Kibaha.

Mzee wa Transiti: Pole na mama, mkuu. Soma masharti. Tangu 2019 mashirika ya American na United wanataka pasi ya kupandia ndege ya siku hiyo hiyo, yao au ya washirika wao. Kama kadi yako ni ya United na siku hiyo unapanda Qatar, hapo hapo Houston huingii. Qatar iko muungano wa mashirika wa oneworld, United iko muungano mwingine, Star Alliance. Safari unayoiwazia wewe ndiyo ambayo kadi hiyo haitakusaidia.

Binti Tanga: Kaka, hayo maisha ni yako au ya shirika? Shirika kubwa la ndege la Pan Am lilikufa Desemba 1991. American nao mwaka 1981 waliuza tiketi ya maisha, AAirpass, dola 250,000, unaruka daraja la kwanza hadi kufa. Mwaka 2008 wakawafutia baadhi ya walionunua, wakidai wamekiuka masharti.

Fundi Hesabu: Mimi napingana kidogo. 5,000 gawa kwa 600, baada ya miaka minane na ushee hela imerudi, na ada ya mwaka huwa inapanda. Kazi ni ya kudumu?

Mleta uzi: Mkataba wa miaka mitatu, umebaki mmoja na nusu.

Fundi Hesabu: Basi acha, ndugu yangu. Ezeka nyumba.

Binti Tanga: Na Doha zipo launji za kulipia, hata kwa abiria wa daraja la chini. Mlipie mama siku hiyo tu.

Mleta uzi: Nimempigia. Anasema yeye alitaka chai ya moto na mahali pa kuswalia, basi. Nitamlipia ya Doha Desemba tukienda wote. Aliyewahi kuingia na mzee wa kiti cha magurudumu aniambie, msindikizaji naye analipa?